Unga wa Thomu Jikoni na Harufu Yake Msikitini

Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu amewaneemesha waja wake, nasi hatuzitaji sana katika shukrani zetu kwa kuwa tumezizoea, ni viungo vya chakula. Mtu hula pilau akausifu mchele, akaisifu nyama, akamsifu na mpishi. Wala halimjii katika fikra lile jambo dogo lililopondwa kinuni likapotelea chunguni, ambalo lau halikuwamo, ule mchele na ile nyama visingesifiwa. Katika mambo madogo hayo thomu ina daraja yake. Na katika zama zetu hizi thomu imeingia majumbani kwa sura nyingine: si kile kichwa cheupe chenye punje, bali ni unga mkavu wa rangi ya maziwa, umo katika kichupa au kipakiti, umekaa kabatini pamoja na bizari na pilipili manga. Mama wa nyumba hurejea kazini na magharibi imekaribia, hana wasaa wa kumenya wala wa kuponda. Hufungua kichupa akanyunyiza, na kazi imekwisha.

Habari ya unga huu ndiyo niliyokusudia kuizungumza mwezi huu. Msomaji asione ajabu kuwa mwalimu wa chuo ameacha alifu na bee akaingia jikoni. Nimeulizwa juu yake mara nyingi kuliko nilivyodhani, na baadhi ya maswali yenyewe yanagusa Sala.

Kwanza jina. Ndugu zetu wengi, khasa wa bara, husema kitunguu saumu, na kamusi zimelikubali tamko hilo. Lakini kijana asidhani kuwa kitunguu hiki kina nasaba na saumu ya Ramadhani. Saumu ya kufunga huandikwa kwa swadi. Kitunguu chetu asili yake ni kwa thaa, herufi ya nne katika herufi za Kiarabu. Ulimi wa Kiswahili uliyapokea maneno mawili mbalimbali, ukayalainisha hata yakafanana. Nasi wa pwani tuliobaki na thomu tumeishika ile thaa.

Na thomu ni chakula cha kale. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 61, tunasimuliwa jinsi Bani Israili walivyochoka na chakula cha namna moja wakamtaka Nabii Musa awaombee vitu vya ardhini, wakataja mboga na matango na adesi na vitunguu, na pamoja navyo wakataja kitu kiitwacho fum. Wafasiri wamekhitalifiana katika neno hilo: wako wasemao ni ngano, na wako wasemao ni thomu yenyewe, na kisomo kilichopokewa kwa Ibn Mas'ud kina thaa mahali pa fee. Ama kuwa thomu ilikuwako Misri, hilo halina shaka. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, vilikutwa vichwa vya thomu vilivyokauka kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Kwa hiyo kukausha thomu si uvumbuzi wa jana. Kilicho kipya ni kuisaga na kuitia vichupani kwa wingi, na kazi hiyo ilikua sana huko California, Marekani, katika Vita Kuu ya Pili ya 1939 hadi 1945, kwa kuwa majeshi yalihitaji vyakula vikavu, vyepesi kuchukulika na visivyooza.

Sasa tuangalie ni kitu gani tunachokinunua, maana asiyejua siri ya thomu hutumia unga wake kwa kubahatisha. Punje ya thomu ikiwa nzima haina harufu ya kukera. Iweke mezani siku nzima, hutaisikia. Harufu huzaliwa pale punje inapokatwa au kupondwa, kwani ndani yake mna vitu viwili ambavyo Muumba amevitenga, kila kimoja chumbani mwake. Cha kwanza wataalamu hukiita alini, na cha pili ni kimeng'enya kiitwacho alinasi. Kisu kinapozivunja kuta za vyumba hivyo, viwili hivi hukutana, na kwa muda wa kufumba na kufumbua huzaa kitu cha tatu kiitwacho alisini. Hicho ndicho kiwashacho ulimi na kuijaza nyumba harufu. Walioitenga alisini na kuieleza mwaka 1944 walikuwa Chester Cavallito na John Bailey, wa Marekani.

Thomu ikikaushwa kwa joto la wastani, maji huondoka, na sehemu ya nguvu yake hupotea pamoja nayo. Lakini alini na kimeng'enya chake hubaki ndani ya unga, vimelala. Ukitia maji, huamka vikakutana, na harufu ikazaliwa upya. Ukivitupa katika maji yanayochemka, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya kazi yake, ukabakiwa na ladha ya upole, tamu kidogo, isiyowasha. Msomaji na aishike nukta hii vizuri, kwani mambo mengi ya mbele yamejengwa juu yake.

Anayetaka nguvu, basi, na achukue unga wake, atie maji ya baridi au ya uvuguvugu kiasi cha kupata rojo, aache dakika 10, ndipo autie katika chakula. Na maji yatangulie ndimu. Wengi wetu tukiroweka nyama ya mishkaki hukamua ndimu, tukanyunyiza unga juu yake, kisha tukashangaa kuwa thomu haikusikika. Ukali wa ndimu na wa siki humzuia yule mfanyakazi asifanye kazi. Tia rojo la thomu kwanza, kisha chumvi na bizari, ndimu ije nyuma. Ama kipimo, vitabu vya mapishi aghlabu hukadiria kuwa thumuni ya kijiko cha chai hutosha mahali pa punje moja ya wastani. Anza hapo, onja, kisha uongeze. Kupunguza hakuwezekani.

Unga huu una mahali pake, na una mahali ambapo haufai, na ni vyema kusema kweli. Nyama ya kusaga ya sambusa hutakiwa iwe kavu, kwani ikiwa na majimaji manda hulowa zikapasuka mafutani. Hapo unga ni bora kuliko thomu ya kuponda. Katika katlesi huchanganyika na viazi pasi na kuacha madonge, na katika unga wa bajia huenea kila mahali. Samaki wa kukaanga apakwe unga wa thomu pamoja na chumvi, bizari na pilipili, akae kidogo, ndipo atiwe mafutani. Hata bisi za watoto na mihogo ya kukaanga, ikinyunyizwa kidogo ingali moto, hupendeza.

Lakini pilau! Pilau yataka thomu ya kinuni, iliyopondwa pamoja na tangawizi mbichi, ikakaangwa na vitunguu mpaka jirani ajue leo kuna nini. Pilau iliyotiwa unga wa kichupa ni kama harusi ya kusimuliwa. Mchuzi wa samaki wa nazi nao ni vivyo hivyo. Wala asijaribu mtu kuukaanga unga mtupu katika mafuta ya moto kama akaangavyo thomu mbichi. Hauna maji ya kuukinga, huungua mara moja ukawa mchungu, na uchungu huo hauondoki kwa nazi wala kwa sukari. Ukitaka kuutia katika mchuzi, ngoja nyanya ziive zitoe maji yake, au supu iwe imekwisha tiwa.

Naja sasa katika swali lililonishughulisha zaidi. Kijana mmoja wa darasa la usiku aliniuliza karibu na Ramadhani: “Maalim, nyumbani kwetu futari haikosi unga wa thomu. Na tumesoma kuwa aliyekula thomu asikaribie msikiti. Je, nisiende Tarawehe? Au kwa kuwa hadithi imetaja thomu na haikutaja unga, mimi nimesalimika?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika swali lile mna njia mbili za kupotea: ya kwanza ni mtu kujinyima jamaa bila ya sababu, na ya pili ni kujitafutia mlango wa hila kwa kushika jina la kitu akaiacha maana yake.

Habari zenyewe ni mashuhuri. Imepokewa na Ibn Umar kuwa Mtume (s.a.w.), katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, alimkataza aliyekula thomu asiukaribie msikiti. Na katika mapokezi ya Jabir imetajwa pamoja na vitunguu, na ikaelezwa sababu: kuwa Malaika hukerwa na yale wanayokerwa nayo wanadamu. Tena iko habari ya Abu Ayyub, aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Alikuwa akimpelekea chakula, na kilichobaki kikirudi yeye hufuata mahali palipopita vidole vyake. Siku moja chakula kilirudi hakikuguswa, kumbe mlikuwa na thomu. Abu Ayyub akaingiwa na hofu, akaenda kuuliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila Mtume mwenyewe aliichukia kwa ajili ya harufu yake. Na Sayyidna Umar katika khutuba yake alieleza kuwa mwenye kutaka kula thomu na vitunguu avifishe kwa kuvipika.

Kwa hivyo sababu ya katazo ni harufu. Si jina, wala si umbo, wala si kuwa imemenywa au imesagwa. Imam Nawawi ameeleza kuwa wanavyuoni wamekiambatanisha na thomu kila kinacholiwa chenye harufu ya kuchukiza. Unga wa thomu uliomwagwa mkavu juu ya saladi au juu ya mihogo, ukaliwa hivyo hivyo, ni thomu mbichi iliyokaushwa. Mate ya mlaji ndiyo maji yatakayouamsha, na pumzi yake itashuhudia. Ama unga ule ule ukitiwa katika supu inayochemka ukapikika barabara, huo umekwisha fishwa, na mlaji wake hana sababu ya kubaki nyumbani. Wala hapana budi nitaje kuwa wako watu wazima wanaomkunjia uso kijana kwa harufu ya thomu, nao wameizima sigara yao mlangoni pa msikiti kwa ncha ya kiatu. Hao nao wausome tena ule msemo wa Imam Nawawi.

Tazama basi jinsi elimu ya wataalamu na kauli ya Umar zinavyokutana ndani ya sufuria moja. Anayefisha thomu kwa moto hukiua kile kimeng'enya, na harufu kali haizaliwi. Kwa hiyo mpishi ana njia mbili mkononi mwake. Siku ambayo watu wa nyumbani hawatoki, na alowanishe unga wake kwa maji, aungoje, apate ukali anaoutaka. Usiku wa Tarawehe, na siku ya Ijumaa kabla ya Adhuhuri, na autie moja kwa moja katika mchuzi unaochemka, auache uive pamoja na chakula. Na kama ametia mbichi mahali fulani, awaambie walaji mapema. Mtu haoni kwa macho unga uliochanganyika na chumvi juu ya kiazi.

Vijana hunieleza kuwa wao hupiga mswaki wakajiona wamemaliza. Mswaki husafisha kinywa, lakini baadhi ya harufu haimo kinywani: kimojawapo cha vitu vitokanavyo na thomu mbichi huingia katika damu, kikafika mapafuni, kikatoka pamoja na pumzi kwa saa nyingi. Maziwa yakinywewa pamoja na chakula hupunguza, na tufaha bichi na majani ya nanaa pia husaidia. Kupunguza si kuondoa, na aliye safu moja nawe ndiye ajuaye kama imetosha. Wala asije mtu akaifanya thomu kuwa hila, akala mbichi makusudi usiku wa baridi ili apate udhuru wa kulala.

Liko jambo jingine ambalo halina harufu na kwa hiyo ni la hatari zaidi. Madukani huuzwa vichupa viwili vinavyofanana kama mapacha: kimoja ni unga wa thomu mtupu, na cha pili ni chumvi iliyochanganywa na unga wa thomu, na mara nyingi hicho cha pili chumvi yake ni mafungu matatu kwa fungu moja la thomu. Namjua mzee mmoja mwenye maradhi ya presha aliyekatazwa chumvi na daktari. Mkwewe, kwa mapenzi na adabu, akaacha kabisa kutia chumvi katika chakula cha baba, akawa anakikoleza kwa “thomu ya kichupa” kila mlo. Maandishi ya kichupa yalikuwa madogo, tena ya lugha asiyoisoma. Walikaa hivyo wiki kadhaa, mzee anakula chumvi bila ya kujua, mpaka mjukuu aliyesoma akakigeuza kile kichupa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Na humo imo kila chumvi, hata iliyojificha katika viungo. Basi nyinyi vijana mnaosoma, someni vichupa vya jikoni kwa mama zenu kabla ya kusoma simu zenu.

Na wako wauzao unga usio thomu. Thomu mbichi zaidi ya nusu yake ni maji. Ukiondoa maganda pia, yataka kilo 3 hivi kupata kilo moja ya unga. Kiwanda kikubwa hununua kwa bei ya jumla, ni kweli, lakini mchuuzi anayekuuzia vipakiti visivyo na jina kwa bei ya kutupa, jiulize kulikoni. Iko njia nyepesi ya kujua kama umechanganywa na unga wa mahindi au wa muhogo. Nunua duka la dawa kichupa cha ayodini, ile dawa ya rangi ya hudhurungi ya kupaka majeraha. Chukua unga kidogo katika kisahani, tia maji kidogo, kisha tone moja la ayodini. Thomu haiweki akiba yake kwa wanga kama mahindi, kwa hiyo unga safi hubaki na rangi ya hudhurungi ile ile. Wenye wanga hugeuka buluu iliyoiva karibu na nyeusi. Kisha kimwage kilichojaribiwa, hakiliwi. Nilifanya hivyo mbele ya wanafunzi wangu kwa vipakiti viwili vya sokoni, kimoja kikageuka kama wino. Kuna viwanda vinavyotia wanga kidogo ili unga usigandamane, navyo huandika hivyo juu ya kichupa. Anayeandika amesema kweli. Asiyeandika na aikumbuke habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani, naye muuzaji ameweka kikavu juu.

Baadhi ya akina mama, wakiukimbia unga wa madukani, huponda thomu mbichi wakaitia katika chupa ya mafuta na kuiweka kabatini wiki nzima. Nawasihi waache. Mwaka 1985 katika mji wa Vancouver, Kanada, watu 36 walipatwa na sumu ya botulizimu kwa thomu ya namna hiyo iliyoliwa mkahawani, iliyokuwa imewekwa bila ya baridi. Mafuta huizuia hewa, na vijidudu vya sumu hiyo hustawi pasipo hewa, wala huenda harufu isibadilike. Thomu ya mafuta iwe ya siku ile, au ikae katika friji siku chache tu. Unga mkavu hauna hatari hiyo maadamu ni mkavu. Ukishatiwa maji, uhesabu kuwa ni thomu mbichi.

Juu ya utabibu wake sitasema mengi. Thomu ni chakula chema, lakini kila yakizuka maradhi huzuka na watu wa kuiuza kama dawa. Mwaka 2020, katika janga la korona, Shirika la Afya Duniani lililazimika kutangaza kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kula thomu kunakinga ugonjwa ule. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asimeze vidonge vya thomu kabla ya kumuuliza daktari wake. Kile kidogo cha chunguni ni jambo jingine.

Aliye na subira anaweza kuutengeneza unga wake nyumbani, nao huwa na nguvu kuliko uliokaa dukani mwaka mzima. Achague vichwa vigumu visivyochipua, amenye, aoshe mikono na kisu, akate vipande vyembamba vilivyo sawa. Aanike juani juu ya chekeche safi, chini ya chandarua cha kuzuia nzi, na kila magharibi aviingize ndani visipate umande. Siku za masika asijisumbue. Mwenye jiko la umeme na atumie moto mdogo, wapata digrii 60, kwa saa kadhaa, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio, kikikunjika, bado. Asubiri vipoe, asage kwa kinu au kwa mashine, na asikifungue kifuniko papo hapo, maana vumbi lake huingia machoni. Achekeche, kinachobaki asage tena. Kukausha hakuui kila kijidudu, kwa hiyo unga wa nyumbani ni bora utiwe katika chakula kitakachopikwa. Autie katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, aandike mwezi aliousaga, auweke mbali na jiko. Na wakati wa kupika achote kwa kijiko kikavu, asiitikise chupa juu ya sufuria inayofuka mvuke. Unyevu wa mvuke ule ndio unaougeuza unga wote kuwa jiwe.